SOMO LETU: Jinsi Watawala Walivyoigeuza Ardhi ya Pemba



Katika mchumo uliopita, tulipokuwa tumekaa barazani tukichambua karafuu, mzee mmoja wa tawi letu aliniuliza swali. Alisema, "Katibu, babu zetu walitwambia kwamba vilima hivi vyote vilikuwa msitu. Nani aliyeukata msitu huo? Na mbona leo kila bwana wa serikali akija hapa hutwambia sisi ndio waharibifu?" Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwahidi kwamba nitalitafuta na kuliandika katika ukurasa huu, ili sote tufaidike.

Iko sababu nyingine ya kulileta somo hili sasa. Baadhi ya wanachama wameiandikia Kamati wakitaka chama kiwaombee kibali cha kukata mikarafuu iliyozeeka, wauze mkaa, na mahali pake wagawe viwanja vya nyumba. Jambo hilo litaletwa mbele ya mkutano wetu mkuu. Si kazi ya Katibu kuwaamulia wanachama. Lakini mtu hawezi kuamua vema juu ya shamba lake ikiwa hajui lilivyofika hapo lilipo. Basi na tuanze mwanzo.

1. KABLA YA KARAFUU

Pemba ni kisiwa kidogo, eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 980. Mabaharia wa Kiarabu wa zamani walikiita Al-Jazira al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani. Yafaa tukumbuke kwamba jina hilo lilikuwako kabla ya mkarafuu wa kwanza kupandwa. Ukijani walioutaja ulikuwa wa msitu wa asili, wa mivule na miti mingine mikubwa, pamoja na mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao kwa asili yake hauoti popote duniani ila Pemba.

Nchi yetu ni vilima na mabonde, kilima kimoja na bonde lake. Wazee wa kale waliijua vizuri. Mpunga waliupanda bondeni, na vilimani walilima vipande vipande, wakahama, msitu ukarudi. Miji ilikuwako, kama ule wa Ras Mkumbuu ambao magofu yake twayaona hata leo. Miji hiyo ilikula miti, maana chokaa ya kujengea misikiti haipatikani bila kuni za kuchomea mawe. Lakini watu walikuwa wachache na msitu ulikuwa mwingi.

2. WARENO NA MAZRUI: KISIWA CHA MCHELE

Wareno walipotawala pwani hii, waliitazama Pemba kama ghala ya chakula. Mwaka 1593 walianza kujenga ngome kubwa ya Mombasa, na Mombasa haikujitosheleza kwa chakula. Mchele wa Pemba ulivuka bahari kwenda kulisha mji ule. Katika zama zao pia yaliingia mazao kutoka Amerika: muhogo, mahindi, nanasi na mkorosho. Mchezo wetu wa ng'ombe nao yasemekana ni alama yao. Mombasa iliwatoka mwaka 1698.

Baada yao wakaja Mazrui, waliotawala Mombasa na kuishika Pemba pia. Nao walitaka jambo lile lile, yaani mchele. Basi katika zama hizo zote mbili tamaa ya mtawala ilikuwa bondeni, na vilima vikabaki na sehemu kubwa ya msitu wake. Hawakuupenda msitu kuliko waliowafuata. Kitu walichokitaka hakikuota kilimani, basi.

3. SEYYID SAID NA MKARAFUU

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Moluku, kule Indonesia. Waholanzi walipovitawala, katika karne ya 17, waliamua karafuu zote za dunia zitoke mahali pamoja tu, karibu na Ambon, ili bei ipande. Wakatuma watu kung'oa na kukata mikarafuu katika visiwa vingine, hata ile iliyokuwa mali ya wenyeji. Kisha Wafaransa wakafanya hila. Mwaka 1770, kwa juhudi za Bwana Pierre Poivre, miche ikafika kisiwa cha Mauritius, na baadaye Réunion. Kutoka huko ndiko mkarafuu ulikofika Unguja, mwanzoni mwa karne ya 19. Jina linalotajwa ni Saleh bin Haramil, aliyeupanda Mtoni na Kizimbani. Seyyid Said bin Sultan alipoiona faida yake, aliyachukua mashamba ya Saleh, akahimiza wenye ardhi wote wapande. Mapokezi yasema aliamuru mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja.

Pemba ilikuwa imekwisha ingia mkononi mwa Seyyid mwanzoni mwa miaka ya 1820, baada ya kuwatoa Mazrui. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mkarafuu hautaki bonde lenye maji. Wataka kilima chenye udongo wenye rutuba, ambacho maji hayatuami. Yaani wataka pale pale msitu uliposimama. Kwa hiyo shoka lililoacha vilima kwa mamia ya miaka likapanda kilimani.

Ni nani walioshika shoka hilo? Yatupasa tuseme kweli. Sehemu kubwa ya kazi ya kufyeka, kupanda na kuchuma ilifanywa na watumwa walioletwa kwa nguvu kutoka bara. Hawakulipwa, wala hawakuulizwa. Wengi wetu tuna damu yao, na shamba lolote la zamani lina jasho lao.

Mikarafuu ilipandwa mingi hata, kufika miaka ya 1850, bei ikaanguka sana. Hilo lilikuwa onyo la kwanza, nalo halikusikilizwa.

Kisha mwezi wa Aprili 1872 ikaja dhoruba kubwa. Iliipiga Unguja, ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake. Pemba ilisalimika. Karafuu ikawa adimu, bei ikapanda, na watu wakaikimbilia Pemba kupanda. Wapemba wenyewe nao walipanda, matajiri kwa maskini, na ndiyo sababu kwetu mashamba madogo ni mengi kuliko Unguja. Tangu wakati ule hata leo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba. Lakini katika muda usiotimia miaka mia, kisiwa kilichouza mchele kikawa kisiwa kinachonunua mchele.

4. WAINGEREZA: TAKWIMU, MBAO NA MARADHI

Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza. Mwaka 1897 sheria ya utumwa ilifutwa, na mashamba yakaanza kutegemea wachumaji wa ujira. Wenye mashamba walikopa kwa kutarajia mavuno, na wengi wakazama katika deni. Serikali ikaanzisha Chama cha Wakulima wa Karafuu. Kikaja kupewa nguvu juu ya biashara, hata mwaka 1937 wafanya biashara wa Kihindi wakagoma kununua karafuu zetu, mpaka yakapatikana mapatano mwaka 1938.

Katika mambo ya ardhi, Waingereza walileta mabwana shamba, vitalu vya miche na hesabu za kila mti. Hayo yana faida yake. Lakini shabaha yao ilikuwa ile ile ya Seyyid: karafuu kwanza, maana kodi ya karafuu ndiyo iliyoendesha serikali. Chakula kilikuwa jambo la pili. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, na Wajapani wakaiteka Burma mwaka 1942, mchele tuliouzoea kutoka kule ukakatika. Hapo ndipo serikali ilipokumbuka mabonde, ikawahimiza watu walime mpunga na muhogo. Njaa ilifundisha yale ambayo takwimu hazikufundisha.

Msitu mkubwa uliobaki ulikuwa Ngezi, kaskazini. Huko nako msumeno uliingia, miti mikubwa ikapasuliwa mbao. Mwishowe, mwaka 1959, Ngezi ikatangazwa kuwa msitu wa hifadhi. Ni sehemu ya hekta 1,400 na zaidi, yaani kipande kidogo tu cha kisiwa, nacho ndicho kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha ule ukijani wa zamani.

Kwa mikarafuu yenyewe, zama hizo zilileta msiba mkubwa: maradhi ya kufa ghafla. Mti mzima wenye majani mabichi hunyauka kwa muda mfupi, ukakauka ukiwa umesimama. Unguja ilipoteza mikarafuu mingi sana kwa maradhi hayo. Wataalamu waliochunguza walitaja ukungu uingiao katika mti. Mkulima wa kawaida naye ana la kujifunza hapo. Ukipanda mti wa aina moja, bega kwa bega, kilima baada ya kilima, maradhi hayana mto wa kuyazuia. Katika msitu mti mmoja hufa na jirani yake wa aina nyingine husalimika.

5. BAADA YA MWAKA 1964

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ardhi ilifanywa mali ya serikali, na mashamba makubwa yakagawiwa wananchi eka tatu tatu. Hili lilikuwa jambo kubwa la haki kwa mtu aliyekuwa akichuma karafuu za mwenziwe maisha yake yote. Lakini kuipokea miti ni jambo moja na kuitunza ni jambo jingine. Mwenye eka tatu aliambiwa hiki ni chako, huku karafuu yake ikinunuliwa na mnunuzi mmoja tu. Shirika la Biashara la Taifa liliundwa mwaka 1968, na bei ilipangwa huko.

Katika miaka ya 1970 bei ya karafuu duniani ilikuwa nzuri sana, lakini sehemu iliyomfikia mkulima ilikuwa ndogo. Kisha Indonesia, iliyokuwa mteja wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ikapanda mikarafuu yake ya kuitosha. Katika miaka ya 1980 bei ikaanguka. Nani atapalilia mti usiomlisha? Mashamba yakageuka vichaka. Moto ulipopita katika vichaka hivyo, mikarafuu iliungua, maana mkarafuu hauvumilii moto hata kidogo. Iliyosalimika, mingi ikaingia katika kuni na mkaa.

Hapa nitatoa ushahidi wa nyumbani kwetu, maana si haki kuwasema wengine tu. Nilikuwa mtoto wa chuoni, mwishoni mwa miaka ya 1990, baba yangu alipokata mikarafuu 9 ya babu, kwenye mteremko ulio juu ya bonde letu la mpunga. Bei ya karafuu haikutosha hata ujira wa wachumaji. Kuni zile zilininunulia sare na madaftari. Elimu hii ninayoitumia kuwaandikia leo imetoka katika miti hiyo, wala simlaumu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini masika ya tatu baada ya hapo, udongo mwekundu ulishuka kutoka kilimani ukafunika pembe ya bonde. Mama aliupanda mpunga mwaka ule, haukutoa suke. Pembe ile haijalimwa mpaka leo. Tulikula miti mara moja, na bonde twalilipa kila mwaka.

Yako na mazuri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo wetu mkubwa wa Pemba, asiyepatikana popote pengine duniani, alikuwa karibu kwisha kwa kuwindwa na kukatiwa miti ya kulala. Watu wa vijiji vyenyewe, kama Kidike, walikubaliana kumlinda, na leo wamerudi kwa maelfu. Popo huyu hula matunda na kutawanya mbegu, kwa hiyo ni mpanda miti asiyelipwa ujira. Kisiwa cha Misali kiliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1998 wavuvi wakishirikishwa. Na mwaka 2011 serikali ilibadili mwendo wake wa karafuu, ikaazimia mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la nje, na miche ikagawiwa. Tuliona wenyewe yaliyotokea. Watu waliokuwa wameyatupa mashamba walirudi na mapanga kupalilia, bila kuhubiriwa na mtu.

6. TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, kila mtawala alikiona kisiwa kupitia kitu kimoja alichokitaka. Aliyetaka mchele aliliona bonde. Aliyetaka karafuu alikiona kilima. Aliyetaka mbao aliiona Ngezi. Hapana hata mmoja aliyekitazama kisiwa kizima, kilima na bonde lake, bonde na mikoko yake. Lakini maji ya mvua hukitazama kisiwa kizima. Kilima kikivuliwa nguo, bonde huzikwa. Mikoko ikikatwa, maji ya chumvi huingia shambani, na yako mabonde ya Pemba yaliyokwisha haribika kwa chumvi.

Pili, bei ni shoka. Amri za kupanda na amri za kutokata zimekuwako katika kila zama, na zimefanya kazi pale tu mkulima alipopata haki yake. Bei mbaya imekata mikarafuu mingi kuliko watu wabaya. Kwa hiyo mzee wetu wa barazani amesema kweli nusu. Si sisi tulioanza, na mara nyingi tulisukumwa.

Tatu, na hii ndiyo nusu ya pili: leo shoka liko mikononi mwetu. Mreno hayupo, Sultani hayupo, Mwingereza hayupo. Mkarafuu tukiukata mwaka huu, wajukuu wetu hawatauliza alitawala nani. Watauliza shamba lile lilikuwa la nani.

7. TUNAWEZA KUFANYA NINI?

Wanachama walioomba kukata wana shida za kweli. Mti uliokufa hauzai, na watoto wataka kusomeshwa. Basi kabla ya kupiga kura, nawaomba mfikiri mambo haya manne, ambayo hayahitaji fedha nyingi.

(a) Mti uliokufa au ulio taabani uombewe kibali na kukatwa, lakini shimo la mche lichimbwe kabla ya shoka kuinuliwa, na mche upandwe masika hayo hayo. Mkarafuu huanza kuzaa ukiwa na miaka 6 au 7, na huchukua kiasi cha miaka 20 kukamilika. Anayengoja mzee afe ndipo apande mtoto, atakaa na njaa katikati.

(b) Mteremko ulio juu ya bonde au chemchemi usiachwe wazi hata msimu mmoja. Kama mkarafuu haukubali hapo, pandeni mwembe, mfenesi, mdalasini au mti wowote wa kushika udongo.

(c) Tusipande karafuu tupu. Minazi, migomba, pilipili manga na miti ya matunda ichanganywe shambani. Maradhi yakija yasikute mlango mmoja ulio wazi, na bei ikianguka mtu asiangukie mkaa.

(d) Viwanja vya nyumba vitafutwe kwanza pale penye ardhi duni. Nyumba yaweza kusimama juu ya jiwe. Mkarafuu hauwezi.

Kamati nayo inakusudia kuleta pendekezo la kitalu cha chama, kila tawi litoe watu wa kumwagilia kwa zamu. Pendekezo hilo litajadiliwa siku hiyo hiyo pamoja na ombi la wenzetu.

MASWALI YA KUJADILI MATAWINI

1. Katika mtaa wenu, ni kilima gani mnachokumbuka kuwa kilikuwa na miti na sasa ni kitupu? Bonde lililo chini yake li hali gani?
2. Bei ya karafuu ikianguka tena mwaka ujao, ni mazao gani mengine shambani mwako yatakayokulisha?
3. Je, ni haki mtu kukata mti aliopanda babu yake bila yeye kupanda mmoja kwa ajili ya mjukuu?

Majibu yaletwe kwa Katibu kabla ya mkutano, kwa maandishi au kwa mdomo. Asiyejua kuandika na aje tu barazani, nitamwandikia mimi.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Msitu wa Pemba uliondoka mti mmoja mmoja, na shamba halirudi ila kwa mche mmoja mmoja. Mwenyezi Mungu atujaalie mvua ya kheri na mchumo mwema.

Wassalaam.
Katibu wa Chama